Ngoma Moja, Nauli ya Gunia

Utingo wa Fuso pale Isyonje hajui muziki.
Anajua mbolea wakipanda, viazi wakishuka.
Aliuzunguka mzigo wangu mara mbili, kalamu sikioni,
akasema: ngoma moja, nauli ya gunia.
Hayo matoazi nakuhesabia mawili kwa moja,
na usiniambie ndani hamna kitu, dada,
hewa nayo inakalia nafasi.

Nilikuwa na ngoma saba. Matoazi matano.
Nilivikusanya Mwanjelwa, kimoja kimoja, kwa pesa ya pareto
na mkopo wa kikoba ambao Tusekile alinidai
hadi mbele ya mchungaji,
kwa kuwa niliwahi kuona picha ya mpigaji fulani wa mbali
amezungukwa na ngoma zake pande zote
kama kuku anayeatamia: kichwa tu, na jasho.
Nami nikatamani kutoonekana.

Maana Tukuyu walikuja kunitazama magoti.
Mwanamke, miguu kaipanua mbele ya madhabahu, anapiga dramu!
Baraza la wazee likakaa kikao
(hawakusema magoti, walisema "utaratibu").
Basi kila nilipopata fedha niliongeza ngoma,
kama mtu anayeongeza tofali kwenye ukuta wa bafu.
Zile mbili za juu sikuwahi kuzipiga hata siku moja.
Zilikuwa pazia.

Mvua ya Isyonje hainyeshi, inakaa.
Mfukoni nilikuwa na nauli ya magunia matatu
na harusi ilikuwa Matamba, saa nane.
Nikachagua palepale barabarani,
utingo anapiga bodi kwa kiganja, twende, twende
(na kwa kweli alikuwa anapiga vizuri, yule,
bila ngoma hata moja).
Nikachukua ile ya mguu.
Nikachukua ile ya waya, inayokoroma.
Nikachukua yale matoazi mawili yanayobanana
kama midomo ya mtu mwenye siri.
Vilivyobaki nikamwachia Mama Anyosisye chini ya meza ya chipsi,
nikavifunika turubai, nikapanda. Sikugeuka.

Matamba, ukungu uliingia hadi kwenye hema la harusi
ukakaa na wageni.
Mkono wangu wa kushoto ukawa unakwenda penye ngoma ya tatu,
unakuta baridi.
Unarudi. Unakwenda tena, kama ulimi kwenye pengo la jino.
Kufika wimbo wa pili ulikuwa umeacha kutafuta.
Nikaanza kusikia vitu:
kwamba ile ya waya ina sauti nne kutoka ukingoni hadi katikati,
na mimi miaka yote nilikuwa naishi kwenye moja;
kwamba kanyagio langu linalia kama njiwa, linataka grisi;
kwamba kimya kinachofuata pigo la nne
ni kipana, mtu anaweza kuingiza mguu mzima humo,
na bibi mmoja, gambuti miguuni, kitenge juu ya koti la mwanawe,
akauingiza.

Alinijia nikifungasha. Kamwene, mwanangu.
Nilidhani anayepiga ni mwanamume, akasema.
Nilikuwa nimefumba macho.
Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Sisemi tatu zinatosha. Gwamaka wa Uyole ana tisa
na kila moja anaijua tabia yake kama ng'ombe wa nyumbani;
huyo mwacheni.
Nasema tu, nilipopita Isyonje kurudi,
Mama Anyosisye alikuwa ametia viazi vya mbegu katika ile kubwa,
na juu ya nyingine kuku, kweli kabisa, anaatamia.
Akanitazama kwa jicho moja.

Nilichukua toazi moja, lile lenye ufa.
Mimi hulipiga mara moja tu kwa usiku mzima,
pale ninapochoka kuwa na busara.